Je, Wajua? Twiga wa Malindi alifika ikulu ya China

Mwaka 1415, wajumbe wa Malindi, katika Kenya ya leo, walimpelekea mfalme Yongle wa China twiga hai, kama wale wanaoonekana hifadhi ya Burigi-Chato, Biharamulo. Maofisa wa ikulu walimwita qilin, mnyama wa hekaya ajitokezaye mtawala anapotenda haki. Yongle alitoka mwenyewe hadi langoni kumlaki. Wana-Malindi walijua kuchagua zawadi!

Meli za Zheng He, amiri wa Yongle, ziliwarudisha wajumbe kwao katika safari ya 1417 hadi 1419. Sarafu ya Yongle, yenye tundu la mraba katikati, imepatikana kisiwani Manda, Kenya.

Nchini Tanzania, nguzo za makaburi ya kale ya Kunduchi zilipambwa kwa bakuli za Kichina. Ukifika Dar es Salaam, pita ukayaone.