Ramani ya Rubani

Mtu aendaye kwa miguu akipotea, husimama akamwuliza mwenyeji. Baharia akiona giza, aweza kutia nanga akangoja mapambazuko. Lakini rubani wa ndege hawezi kusimama mawinguni. Kwa hiyo imempasa kuijua njia yake kabla hajaondoka chini.

Hapo kwanza marubani hawakuwa na ramani zao wenyewe. Huko Marekani walitumia ramani za barabara, tena walifuata reli kwa macho. Mawingu yaliposhuka, wengine waligonga milima wakafa. Mwaka 1930 kijana mmoja aitwaye Elrey Jeppesen, rubani wa ndege za barua, alinunua daftari kwa senti 10. Akaandika humo urefu wa vilima na minara, na hali ya kila kiwanja. Siku za mapumziko alipanda vilima, akiwa na chombo cha kupimia urefu mkononi. Wenzake walipoliona daftari lile wakaomba nakala, na mwaka 1934 akaanza kuziuza.

Je, ramani ya namna hii husomwaje? Kwanza, rubani hutazama kipimo chake. Ikiwa ni 1 kwa 1,000,000, sentimeta moja juu ya karatasi ni kilometa 10 za nchi. Pili, hutazama urefu. Ramani nyingi zimegawanywa kwa mistari kuwa miraba, na katika kila mraba mna tarakimu kubwa na ndogo. Kubwa ni maelfu ya futi, ndogo ni mamia. Basi 12 kubwa na 5 ndogo maana yake ni futi 12,500, na hapana mlima wala mnara katika mraba ule upitao kimo hicho.

Tatu, husoma habari za kiwanja. Njia ya kurukia hupewa namba kwa dira, yenye digrii 360, nayo tarakimu ya mwisho huachwa. Kiwanja cha Kilimanjaro kina njia yenye namba 09 na 27: aelekeaye mashariki hutumia 09, aelekeaye magharibi 27. Urefu wa njia nao ni jambo kubwa. Nairobi iko juu ya futi 5,000, na huko hewa ni nyepesi. Ndege huhitaji kukimbia mbali zaidi ndipo iinuke. Ndiyo sababu njia ya kiwanja chake kikubwa hupita meta 4,000.

Mwisho, rubani husoma matangazo mapya, maana huenda taa zimeharibika, au njia imefungwa ili itengenezwe. Habari za ramani zenyewe husahihishwa kwa zamu za siku 28. Rubani atumiaye ramani iliyopitwa na wakati aweza kukuta mnara mahali alipodhani ni peupe, na abiria walio nyuma yake hawana habari. Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari.