Je, Wajua? Pumu ya Baridi Hutibiwa Wakati wa Hari

Je, wajua kwamba huko Uchina pumu na kikohozi cha majira ya baridi hutibiwa kabla havijawadia, katika zile siku kali za hari, baina ya Julai na Agosti, ziitwazo Sanfu? Haradali nyeupe husagwa pamoja na mitishamba mingine, ikakandwa kwa maji ya tangawizi mbichi hata ikawa donge zito, nalo likabandikwa mgongoni, kandokando ya uti, kwa saa chache tu, ngozi ikaiva wekundu na kuwasha. Tabibu Zhang Lu aliieleza dawa hii kitabuni mwaka 1695. Matabibu wa huko huitakidi kuwa joto la mwili, yang, likifikia kilele chake pamoja na jua, huifukuza baridi iliyojificha kifuani, na mizani ikarejea. Ajabu iliyoje: hata leo watu hupanga foleni hospitalini, jasho likiwatiririka, kujikinga na baridi!