Ugonjwa Uko Wapi? Tuchore Ramani

Daftari la zahanati linasema watu kumi wanaharisha. Halisemi wanachota maji wapi. Ndiyo maana wafanyakazi wa mashirika ya misaada, na wanafunzi wa kazi hiyo, hufundishwa kuweka hesabu juu ya ramani.

Mfano wao mkubwa ni wa London, Uingereza. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 600 karibu na barabara ya Broad Street. Wakati ule wengi waliamini kuwa ugonjwa huletwa na harufu mbaya. Daktari John Snow alipita nyumba zilizofiwa akiuliza habari za maji. Aliona kuwa vifo vingi viko karibu na pampu moja. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu ile uling'olewa. Baadaye alichora ramani ili wengine nao waone.

Lakini angalia hapa, ndugu msomaji. Karibu na pampu palikuwa na nyumba ya maskini yenye watu 535. Walikufa 5 tu. Kwa nini? Walikuwa na kisima chao. Na mama mjane aliyekaa mbali, Hampstead, alikufa. Yeye aliyapenda maji ya pampu ile, akawa analetewa. Kwa hiyo mwanafunzi huulizwa pia juu ya mahali pasipo na alama. Wengi husahau swali hilo.

Hapa kwetu, mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo vikuu na wananchi wa Dar es Salaam walichora nyumba na mitaro katika kata zinazofurika. Kazi hiyo iliitwa Ramani Huria. Walitumia simu na kompyuta.

Kijijini karatasi kubwa inatosha. Chora njia, mto, visima, vyoo na nyumba zote. Nyumba yenye mgonjwa itie kitone. Usiandike jina lake, maana ramani ikibandikwa ukutani kila mtu anaisoma.

Sasa hesabu. Kitongoji kimoja kina nyumba 100 na vitone 10. Kingine kina nyumba 20 na vitone 8. Twende wapi kwanza? Twende cha pili. Cha kwanza, katika kila nyumba 10 ni moja tu yenye mgonjwa. Cha pili ni nne.

Vitone vikizunguka kisima kimoja, toa habari zahanati siku hiyo hiyo. Maji yake yasinywewe bila kuchemshwa. Anayeharisha sana apelekwe upesi, na njiani aendelee kunyweshwa maji ya dawa ya chumvi na sukari.