Maombi Yasiyokwisha Mahakamani: Familia Zifanye Nini?

Familia nyingi zilizokimbia vita Mitwaba, Pweto na Manono zinajiuliza: kwa nini kesi ya jinai inaahirishwa kila mara, na sisi tunarudi mikono mitupu?

Tuanze na msingi. Mshtakiwa ana haki ya kupinga uwezo wa mahakama, kuomba hakimu abadilishwe, kuomba aachiwe kwa muda na kukata rufaa. Katiba ya 2006, kifungu cha 61, inasema haki ya kujitetea na ya kukata rufaa haziondolewi hata wakati wa hali ya dharura. Kwa hiyo kuleta ombi si kosa.

Ubaya unaanza pale ombi lililokwisha kukataliwa linaporudishwa lilelile, bila jambo jipya, ili siku zipite tu. Shahidi aliyetoka mbali anaishiwa nauli na anakata tamaa. Kifungu cha 19 kinadai kesi isikilizwe kwa muda unaofaa. Ucheleweshaji unaumiza pia mfungwa anayengoja hukumu katika gereza la Kasapa.

Tukumbuke kesi ya Gédéon Kyungu Mutanga, mkuu wa Mai-Mai. Alijisalimisha kwa MONUC Mei 2006. Kesi yake ilianza Agosti 2007 mbele ya mahakama ya kijeshi huko Kipushi, karibu na Lubumbashi. Hukumu ilitoka tarehe 5 Machi 2009: adhabu ya kifo, pamoja na mengine kwa makosa dhidi ya ubinadamu. Karibu miaka 3 ilikuwa imepita tangu ajisalimishe. Septemba 2011 akatoroka Kasapa. Hatusemi kuwa maombi ya mawakili ndiyo yaliyosababisha hayo. Tunasema kila mwezi unaopotea ni nafasi ya mashahidi kutawanyika na ya amani kuyumba.

Familia na viongozi wafanye nini?

1. Jiungeni katika kesi kwa pamoja, kama upande wa madai, na mchague avoka mmoja wa kuwasemea.

2. Andikeni tarehe ya kila kikao, nani aliomba kuahirisha, na kwa sababu gani.

3. Avoka anaweza kuomba mahakama iunganishe pingamizi na kesi yenyewe, ili yote yaamuliwe pamoja na kesi isisimame.

4. Ombi likirudi bila jambo jipya, avoka aombe likataliwe, na sababu iandikwe katika kumbukumbu za mahakama.

Viongozi, tunawaomba pia mtulize vijana wanaotaka mshtakiwa anyamazishwe. Hukumu iliyotolewa bila kumsikiliza inaweza kuvunjwa katika rufaa, na familia zikaanza upya. Tudai mambo mawili kwa pamoja: mshtakiwa asikilizwe, na kesi ifike mwisho.