Kingamwili Isiyokinga: Jina na Kazi Yake Maabarani

Makala haya yanakusudia kueleza chombo kimoja cha maabara ambacho jina lake la Kiswahili laweza kumpotosha msikilizaji: kingamwili. Hapa Moba, kama kwingineko kandokando ya Ziwa Tanganyika, wengi wameiona kazi yake bila kuitambua. Mgonjwa mwenye homa hudungwa kidole, tone la damu huwekwa kwenye kipimo cha malaria, na baada ya robo saa hivi mistari husomwa. Kinachoichora mistari hiyo ni kingamwili.

Kimofolojia, neno hili ni ambatani ya kinga na mwili, nalo linafaa sana kwa kazi ya asili: protini ambazo mwili huzitengeneza ili kunasa vijidudu. Kongo inao mfano mashuhuri. Kutokana na damu ya mtu aliyepona Ebola katika mlipuko wa Kikwit wa mwaka 1995, ilipatikana kingamwili iliyokuja kuwa dawa, ikaidhinishwa nchini Marekani mwaka 2020. Hiyo kweli humpigania mgonjwa.

Mwaka 1975, Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge, Uingereza, walivumbua njia ya kuzalisha kwa wingi kingamwili za aina moja tu, zinazotambua umbo moja tu. Chombo cha utafutaji kikanolewa. Katika kipimo cha malaria, kingamwili zilizobebeshwa chembe za dhahabu huishika protini ya vimelea iitwayo HRP2. Nyingine zilizobandikwa kwenye mstari huzinasa, na wekundu hutokea. Hazimkingi mgonjwa, zinashuhudia tu. Tena shahidi huyu haoni asichoandaliwa kukiona. Nchini Eritrea, vimelea visivyo na protini hiyo vilipita bila kuonekana, hata mwaka 2016 nchi hiyo ikaacha vipimo vinavyoitegemea HRP2 peke yake.

Watafiti wa seli huhitaji ushahidi mwembamba zaidi. Ndani ya seli, ujumbe hupokezanwa na protini kama ERK. Inapoamshwa, ERK hubandikwa fosfati mahali pawili. Zipo kingamwili zinazoishika ERK yenye fosfati na kuiacha isiyo nayo. Mwanaisimu atakumbuka piga na pigwa: mzizi ni uleule, lakini kiambishi kidogo hugeuza habari nzima. Kingamwili ya namna hiyo haimwambii mtafiti kwamba protini ipo tu, bali kwamba ujumbe umefika.

Je, jambo hili lamhusu nini mwanafunzi wa Kiswahili? Vipimo vingi vya VVU, virusi vya ugonjwa ambao hapa kwetu huitwa sida, hutafuta kingamwili za mgonjwa mwenyewe. Mtu mzima anayeambiwa "una kingamwili za VVU" aweza kurudi nyumbani akishukuru kwamba amekingwa, ilhali maana yake ni kwamba virusi vimekwisha kuingia mwilini. Kosa si lake, bali ni la neno lililoachwa peke yake.

Kwa hiyo tunapendekeza kingamwili libaki jina la jumla, na chombo cha maabara kiitwe kingamwili tambuzi. Mbele ya mgonjwa, habari yenyewe itangulie istilahi: damu yako inaonyesha kwamba virusi vimeingia mwilini. Istilahi hupimwa kwa yale aliyoyafahamu mgonjwa anapotoka mlangoni.