Dawa za Kichina za Nguvu za Kiume
(Sehemu ya Pili: Yaliyomo Ndani ya Kapsuli)

Juma lililopita tuliwataja wachuuzi wanaozunguka magulioni, Karagwe na Kyerwa, hata Nyakatuntu wakafika, wakiuza kapsuli za Kichina pembeni na kwa sauti ya chini, kwa kuwa mnunuzi huona haya. Leo tutazame kilichomo ndani.

Mmea unaotajwa zaidi katika dawa hizo ni yin yang huo, ambao wataalamu wa mimea huuita Epimedium. Tabibu Tao Hongjing, aliyeishi China baina ya mwaka 456 na 536, ndiye anayenasibishwa na kisa cha mabeberu ambao, kila walipokula majani hayo, waliwapanda majike bila ya kuchoka. Na tangu zama hizo waganga wa huko huyachemsha pamoja na mizizi mingine, wakamnywesha mgonjwa siku baada ya siku, si kwa ajili ya ashiki peke yake bali kwa maumivu ya mifupa pia. Imo humo kemikali iitwayo ikariini, nayo kwa hakika huzuia kimeng'enya kile kile kinachozuiwa na sildenafil, kidonge cha hospitali kilichopata idhini Marekani mwaka 1998, ambacho hulegeza mishipa hata damu ikajaa mahali pake. Lakini watafiti wa Milano waliovipima viwili hivyo mwaka 2008 waliikuta ikariini dhaifu kwa kadiri ya mara 80. Tena hayo ni ya maabara, kabla haijapita tumboni mwa mtu.

Basi mtu akimeza kapsuli ya “majani matupu”, na kabla ya saa moja kwisha akajiona kijana wa miaka ishirini, asikimbilie kuyashukuru majani. Wako watengenezaji wasio na amana wanaotia unga wa sildenafil ndani yake bila ya kuutaja kwenye kikasha, wala kipimo chake hakijulikani. Mwenye maradhi ya moyo anayetumia tembe za naitreti, akivikutanisha viwili hivyo, presha yake huweza kuporomoka hata akafa, na daktari anayempokea asitambue sababu, maana mgonjwa amekwisha kumwapia kwamba hakumeza dawa yoyote.

Huko Singapore, baina ya Januari na Mei 2008, watu 150 wasio na kisukari walilazwa kwa kupungukiwa mno na sukari mwilini. Ilipochunguzwa, ikadhihirika kwamba baadhi yao walitumia dawa za magendo za nguvu za kiume zilizochanganyika na glibenklamidi, ambayo ni dawa ya kisukari; saba walizimia wasizindukane upesi, na wanne kati yao wakafariki. Ajabu ni kwamba udhaifu wenyewe unaompeleka mtu kwa mchuuzi mara nyingi ni dalili ya kisukari au presha ambayo hajaijua, nayo hupimwa zahanati kwa tone la damu na kifaa cha mkononi.

Kwetu Tanzania, Sheria ya mwaka 2002 ililiunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na dawa ya namna hii haina budi kusajiliwa. Kwa hiyo kikasha chenye herufi za Kichina pekee, kisicho na namba ya usajili wala tarehe ya kwisha muda, kirudishwe kwa mwenyewe. Juma lijalo, inshallah, tutauzungumzia mulondo, mzizi wenye harufu tamu unaotafunwa kwa jirani zetu wa Uganda, ng'ambo ya Murongo.