MAJI YA BATI LA SHULE

Wazee wa Old Moshi hawakusoma vyuo vya ujenzi, lakini walijua kujenga. Msonge wa Mchagga uliezekwa kwa nyasi au majani makavu ya migomba hata karibu na ardhi. Baridi ya Juni na Julai haikupenya upesi, na vifaa vyote vilitoka mlimani penyewe. Maji nayo waliyaongoza kwa mifereji mpaka vihambani.

Siku hizi majengo makubwa vijijini ni ya serikali: shule, zahanati, ofisi ya kata. Mwaka 2021 serikali ilianza kujenga madarasa 15,000 nchini kwa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Ni jambo la kushukuru. Lakini tujiulize: je, majengo hayo yanatunza maji, miti na afya ya watoto wetu?

Wenzetu wameweka kanuni. Huko Marekani, mwaka 2010, idara ya majengo ya serikali kuu iliagiza kila jengo jipya lifikie daraja la dhahabu katika kipimo kiitwacho LEED. Hupimwa maji, umeme, vifaa na hewa ya ndani.

Sisi tuanze na bati. Tuseme paa la shule lina urefu wa mita 20 na upana wa mita 8. Mvua ya milimita 25 ikinyesha, paa hilo hupokea lita 4,000. Hata sehemu moja ya tano ikipotea, zabaki lita 3,200. Bila mifereji ya bati na tangi, maji hayo huchimba msingi wa nyumba, na mtoto hutumwa mtoni na ndoo! Maji ya kwanza yamwagwe, kwa kuwa yana vumbi. Tangi lifunikwe, mbu wasizaliane.

Tuje kwenye kuta. Tofali la kuchoma hula kuni nyingi. Tofali la kufungamana hushindiliwa kwa mashine, kwa udongo na saruji kidogo, wala halichomwi. Madirisha yaelekee kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na jioni lisiwaunguze wanafunzi. Yawe pande zote mbili, hewa ipite na mwanga uingie.

Pengine utasema, "Hiyo ni kazi ya wakubwa." Sivyo. Madarasa mengi hujengwa na mafundi wa papo hapo, na kamati za shule husimamia ununuzi wa vifaa. Katika kamati hizo umo wewe, baba, nawe, mama. Basi kabla bati halijanunuliwa, simama kikaoni uulize: mifereji iko wapi? Tangi je? Miti ya kivuli itapandwa lini? Nyumba ikiisha kupakwa rangi, ni vigumu kupata fedha za kuongeza kitu.

Haba na haba hujaza kibaba. Tone kwa tone hujaza tangi la shule.